Compass Players: kikundi cha vichekesho kilichoanzia baa ya Chicago mwaka 1955, kikafa mapema na kuacha wajukuu kila kona

Mtunza Pazia ameandika:

Wakuu, salaam.

Kila zikitajwa habari za Bill Murray, Tina Fey na wachekeshaji wengine wa Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, lazima mtu ataitaja Second City, jukwaa la vichekesho la Chicago, kana kwamba ndiyo mwanzo wa kila kitu. Second City ni mtoto. Kabla yake kulikuwa na kikundi kidogo kikiitwa Compass Players, watu wachache walioigiza bila skripti kwenye chumba kilichopakana na baa. Pale Chicago kilidumu kama mwaka mmoja na nusu tu. Nimekifuatilia kwa muda mrefu na nina maoni yangu juu ya nani anastahili sifa na nani kapewa za bure. Uzi ni mrefu, mwenye chai achukue chai.

Tuanze na David Shepherd. Kijana wa familia yenye uwezo New York, kasoma Harvard, kafundisha Kiingereza Bombay, kisha akarudi kwao na wazo moja limemkaa kichwani: michezo ya kuigiza ya Marekani imekuwa ya watu wa Broadway (zile kumbi kubwa za New York) na ya kuagizwa Ulaya, haimhusu mtu wa kiwandani hata kidogo. Yeye alitaka jukwaa la wafanyakazi. Mtu atoke zamu, aingie na nguo zake za kazi, aagize bia, avute sigara, na aone mambo ya mtaani kwake yakiigizwa mbele yake. Pesa ya kuanzia aliitoa kwenye urithi wake.

Chicago akakutana na Paul Sills, mwongozaji kijana wa pale University of Chicago. Mwaka 1953, wao wawili na Eugene Troobnick wakafungua Playwrights Theatre Club kwenye jengo lililokuwa mgahawa wa Kichina. Walianza na michezo ya Mjerumani Brecht, wakaja kuigiza hadi Shakespeare. Kazi nzuri, watazamaji wapo, lakini Shepherd hakuwa na raha: waliokaa vitini ni walewale wasomi. Mwaka 1955 watu wa zimamoto wakalifunga jumba kwa sababu ya kanuni za usalama. Kumbukeni hilo la zimamoto, nitalirudia.

Wengine wangelia. Shepherd aliona njia imefunguka.

---

Bonde la Msimbazi ameandika:

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

---

Mtunza Pazia ameandika:

Tarehe 5 Julai 1955 Compass ikafunguliwa kwenye baa ya mtaa wa 55 Mashariki, eneo la Hyde Park, jirani kabisa na chuo. Walikuwepo Sills na Shepherd, Elaine May, Andrew Duncan, Barbara Harris, Roger Bowen na wengine. Wengi wao hawakuwa waigizaji wa kusomea, walikuwa vijana waliokuwa wakizungukazunguka chuoni. Elaine May mwenyewe hakuwa hata mwanafunzi halali: alifika Chicago kwa kuomba lifti njiani kutoka California, na inasimuliwa kwamba alikuwa na dola 7 mfukoni. Alikuwa akiingia madarasani bila kujiandikisha na kubishana na maprofesa.

Sasa onyesho lenyewe lilikwendaje? Hapa ndipo patamu.

Kwanza gazeti. Waigizaji walichukua gazeti la siku hiyo wakasoma habari na kuziigiza palepale, hotuba ya mwanasiasa ikasomwa na mwenzake akafanya yale ambayo hotuba haikuyasema. Kumbukeni ni Marekani ya miaka ya 50, hofu ya ukomunisti imetanda, watu wamepoteza kazi kwa sababu ya kutajwa tu. Kucheka mambo hayo hadharani ukiwa na glasi mkononi halikuwa jambo dogo.

Baada ya gazeti ulikuja mchezo mkuu. Haukuwa na maneno yaliyoandikwa. Kulikuwa na karatasi tu nyuma ya jukwaa yenye mpangilio wa matukio: fulani anaingia, anagundua hili, anaondoka na lile. Mazungumzo yote yanatungwa mbele ya watu. Shepherd aliichukua mbinu hii kwa Waitaliano wa karne ya 16, wale waliokuwa wakizunguka na vikundi vyao na kuigiza viwanjani. Na mpangilio ulikuwa ukibadilishwa kila wiki. Kila wiki mchezo mpya!

Mwisho kabisa watazamaji waliombwa watoe mada. Waigizaji wanaingia nyuma, wanashauriana kidogo, wanarudi na vipande vifupi. Nyongeza tu ya kuwabakiza watu wanywe zaidi. Hiyo nyongeza ndiyo iliyokuja kuimeza kazi yote, nitaeleza.

---

Dada wa Upanga ameandika:

Swali mkuu. Mtu anasimamaje mbele ya watu bila kujua atasema nini halafu isiwe aibu? Hawa hawakusomea uigizaji, umesema mwenyewe. Hiyo nguvu walitoa wapi?

---

Mtunza Pazia ameandika:

Dada, hilo ndilo swali, na jibu lake ni mwanamke ambaye hatajwi inavyotakiwa. Anaitwa Viola Spolin, mama mzazi wa Paul Sills.

Huyu mama katika miaka ya 20 alisoma kwa Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr kwa ajili ya watu wa hali ya chini, wengi wao wahamiaji. Boyd alikuwa na imani kwamba mchezo wa kitoto ni shule kamili: una kanuni, una tatizo, na ukiwa ndani yake unasahau kujiona. Mwishoni mwa miaka ya 30, serikali ya Roosevelt ilipokuwa ikitoa ajira kupitia miradi ya umma, Spolin akapewa kazi ya kusimamia michezo ya kuigiza mitaani. Watoto na watu wazima wa mataifa mbalimbali, na lugha wengine hazipatani. Ukianza kuwahutubia juu ya nadharia ya uigizaji umekwisha. Akawatungia michezo.

Siri ya michezo yake ni kwamba mchezaji hapewi amri ya kuchekesha wala ya kuonyesha hisia. Anapewa tatizo la kulishughulikia. Kwa mfano watu wanakaa kwenye meza ambayo haipo, na kila mmoja lazima atumie vitu vya chumba kile ambavyo pia havipo, na mahali pa kila kitu pabaki palepale. Mtu akiwa ameshika mlango wa kabati la hewa na kujali usimpige mwenzake, hana muda wa kuogopa watazamaji. Mwalimu yuko pembeni anarusha maneno mafupi bila kusimamisha mchezo.

Sills alikulia ndani ya michezo hiyo, na ndiyo aliyoitumia kuwanoa vijana wa Compass. Shepherd alileta ndoto, Sills alileta jicho, lakini chombo cha kazi kilikuwa cha mama. Kitabu chake cha kufundishia kilitoka mwaka 1963 na mpaka leo walimu wa michezo ya kuigiza wanakitumia.

---

Chongo ya Kamera ameandika:

Mkuu unampa mama sifa nyingi mno. Michezo ya watoto iko kila mahali, hata sisi tumecheza kombolela. Waliouza tiketi ni Mike Nichols na Elaine May. Bila wale wawili hakuna ambaye angeandika habari za hiyo baa leo.

---

Mtunza Pazia ameandika:

Kombolela kila mtu kacheza, sawa, lakini nitajie aliyekaa chini akazipanga na kuzifanya mafunzo ya mwigizaji. Hata hivyo kuhusu wale wawili nakubaliana nawe kwa sehemu, acha niwafikie.

Mike Nichols alizaliwa Berlin mwaka 1931, familia ya Kiyahudi, akafikishwa Marekani mwaka 1939 akiwa bado mtoto wakiwakimbia Wanazi. Alisoma University of Chicago, akaenda New York kujifunza uigizaji kwa Lee Strasberg, na vuli ya 1955 akaitwa arudi Chicago kujiunga na Compass. Wakati huo Sills ameshaondoka kwenda Uingereza kwa ufadhili wa masomo.

Nichols na May walikuwa wanafahamiana tangu zamani. Mwenyewe alisimulia mara nyingi: alimkuta Elaine amekaa kwenye benchi stesheni ya treni, akamwendea na kumuuliza kwa lafudhi ya kigeni kama anaweza kukaa. Elaine bila hata kutabasamu akamjibu kwa lafudhi kama ile. Wakaendelea hivyo, majasusi wawili wanapeana siri, bila yeyote kumwambia mwenzake "tuigize".

Lakini msidhani Nichols aliingia Compass akiwa moto. Kwa kauli yake, wiki za mwanzo hakujua kufanya lolote jukwaani zaidi ya kulia. Elaine ndiye aliyemvuta. Alikuwa na mbinu zake, mojawapo ni kwamba ukikwama jukwaani, mtongoze mwenzako: angalau mmoja anataka kitu na mwingine ana cha kujibu.

Kipande chao kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha vijana wawili ndani ya gari lililoegeshwa usiku. Viti viwili, basi, hakuna gari. Mvulana anataka, msichana hajui kama anataka, wanazungumzia mwezi na ziwa kwa maneno makubwa wasiyoyaelewa. Wanavuta sigara. Ghafla mvulana anampiga busu, na msichana alikuwa ndiyo kwanza amevuta pafu. Midomo imegandana, hana pa kutolea moshi. Mwishowe anafungua kona ya mdomo na moshi unatoka taratibu kwa pembeni, busu linaendelea. Hapo hapana neno hata moja, na ukumbi unaanguka.

---

Bonde la Msimbazi ameandika:

😂😂 Moshi wa pembeni! Hiyo nimeiona kabisa kichwani.

Sasa ikawaje wakafa kama walikuwa wakali hivyo?

---

Mtunza Pazia ameandika:

Mkuu, ubora wao ulichangia kuwaua.

Mchezo mpya kila wiki, onyesho karibu kila usiku, malipo madogo. Miezi michache tu watu wameishiwa. Hawakuwa na muda wa kutunga mpangilio mrefu wala nguvu ya kuuigiza. Zikaanza kupewa nafasi zile nyongeza za mwisho, vipande vifupi vya mada za watazamaji. Vile vilivyochekesha vikarudiwa kesho yake. Kesho kutwa vikaondolewa mafuta. Baada ya wiki kadhaa kipande kina mwanzo, kilele na mstari wa kufungia, ni kama kimeandikwa, tofauti ni kwamba hakuna aliyeshika kalamu.

Shepherd aliumia. Kwake hiyo ilikuwa biashara ya burudani, watu wa tabaka la kati wanawachekesha watu wa tabaka la kati. Kina Nichols waliona tofauti: kama kitu ni kizuri kwa nini ukitupe? Naye Shelley Berman, mwigizaji mwenzao, alitaka nafasi ya kusimama peke yake, ndipo akaibuka na zile simu zake, mtu mmoja kwenye kiti anaongea na mtu asiyeonekana. Ugomvi wa nani kapewa dakika ngapi ukaingia. Anayejua vikundi vya sanaa anaijua hatua hii.

Mimi nipo upande gani? Kwa sanaa, kina Nichols walikuwa sahihi. Kile kipande cha sigara kisingefika pale kwa usiku mmoja. Lakini Shepherd ndiye peke yake aliyekuwa akiuliza onyesho hili ni la nani, na baada yake hakuna aliyeuliza tena kwa dhati. Wale wafanyakazi aliowaota hawakuja, kwa sababu alifungua mlango hatua chache kutoka chuo kikuu. Ulitegemea nani aingie?

Kikundi kikahamahama kumbi, na Januari 1957 Compass ya Chicago ikafunga.

---

Mzee Kipaza ameandika:

Vijana, nimesoma kimya lakini hapa lazima niingie.

Huyo bwana Shepherd angekuja Dar es Salaam miaka ya 80 au 90 angepiga magoti. Nani hapa anakumbuka Muungano Cultural Troupe ya Chenga? TOT (Tanzania One Theatre) ya marehemu Komba ilipokuja mwaka 1992 ukawa upinzani wa kufa mtu. Unaingia ukumbi wa baa jioni, bia mezani, ngoma zinapigwa, sarakasi, taarab, kichekesho, halafu igizo. Na igizo halikuwa na skripti! Kisa kinasimuliwa mazoezini, kila mtu anaambiwa wewe ni mama mkwe, wewe ni hawara, maneno utajaza mwenyewe. Waliokaa ukumbini ni mafundi, makarani, akina mama wa biashara ndogo. Wanamjibu mwigizaji, wanamtukana mwovu, mwingine anapanda kumtuza mtu noti kipande kikiwa katikati.

Sisemi walijifunza kwa Wamarekani, hapana, na Wamarekani hawakujifunza kwetu. Vichekesho vya kutunga papo kwa papo vilikuwepo hapa tangu enzi za mkoloni. Nasema tu alichokuwa anakitafuta kwa pesa ya urithi, sisi tulikikuta Kinondoni kwa kiingilio.

---

Dada wa Upanga ameandika:

Mzee wangu shikamoo. Hili la kwako lifunguliwe uzi wake kabisa, tena lisichelewe.

---

Mzee Kipaza ameandika:

Marahaba binti. Nikipata nguvu nitaandika.

---

Mtunza Pazia ameandika:

Mzee, shikamoo, na asante sana. Hiyo hoja ya watazamaji sikuwa nimeifikiria kwa upande huo.

Namalizia yaliyobaki.

Mwaka huohuo wa 1957 tawi likafunguliwa St. Louis, kwenye baa ya Crystal Palace, chini ya Ted Flicker. Huyu hakuwa mtu wa ndoto za wafanyakazi, alitaka kasi na vicheko. Yeye na Elaine May walikuwa wakikaa jikoni kwenye nyumba waliyopanga Westminster Place, wanachambua onyesho la jana: kwa nini hiki kilikufa, kwa nini kile kiliwaka. Wakatoka na kanuni zinazojulikana mpaka leo kwa jina la mtaa huo. Usikane alichokileta mwenzako, akikuita daktari wewe ni daktari. Kati ya kufanya na kutofanya, fanya. Na mhusika unayemwigiza ni wewe mwenyewe umekuzwa. Mafunzo mengi ya kisasa ya uigizaji wa namna hii ukiyafuatilia nyuma unafika kwenye lile jiko.

St. Louis ndiko alikojiunga Del Close, ambaye baadaye, akiwa na kikundi cha The Committee cha San Francisco, alishiriki kuunda mtindo wa onyesho refu linalotokana na neno moja tu la watazamaji. Huyu bwana alifariki Machi 1999 na aliacha wosia kwamba fuvu lake lipewe jumba la maonyesho la Goodman litumike kwenye Hamlet, mchezo wa Shakespeare wenye fuvu jukwaani. Fuvu likakabidhiwa kwa sherehe. Mwaka 2006 ikabainika si lake, lilinunuliwa tu. Kwa mtu aliyeishi kwa kutunga, sioni kosa.

Nichols na May walikwenda New York mwishoni mwa 1957. Oktoba 1960 wakafungua onyesho lao Broadway, likachezwa mara 306. Mwaka uliofuata wakaachana kikazi. Nichols akawa mwongozaji wa filamu, Oscar akaipata kwa The Graduate. May akaandika na kuongoza filamu pia, na mwaka 2022 akakabidhiwa Oscar ya heshima.

Sills aliporudi Chicago akaungana na Howard Alk na Bernie Sahlins. Tarehe 16 Desemba 1959 wakafungua Second City mtaa wa Wells, kwenye jengo lililokuwa la dobi Mchina. (Ndiyo, tena Mchina.) Kati ya waigizaji 7 wa kwanza, Bowen, Duncan, Harris na Severn Darden walikuwa wa Compass. Darden ndiye yule wa kuigiza profesa mwenye lafudhi ya Kijerumani, anahutubia juu ya ulimwengu wote kwa sababu anaona hakuna mada nyingine iliyobaki. Second City ilichukua vipande vilivyonolewa na kuvipanga kuwa onyesho kamili, kisha baada ya onyesho wanaomba mada na kutunga vipya. Yaani ule ugomvi wa Shepherd na kina Nichols uliamuliwa kwa ratiba: hiki saa hii, kile saa ile.

Na zimamoto: mtaa wa 55 ulibomolewa kwenye mpango wa kuijenga upya Hyde Park, baa zikaondoka. Mahali ilipokuwa Compass leo pana kituo cha zimamoto.

---

Chongo ya Kamera ameandika:

Hahaha zimamoto wameshinda mara mbili.

Na Shepherd aliishia wapi? Maana wengine wote umewapa Oscar.

---

Mtunza Pazia ameandika:

Hakuacha. Baadaye alikuja na wazo la mashindano, watu wa kawaida wagombanie kwa timu kutunga papo kwa papo kama wanamichezo, akaliita ImprovOlympic. Mwaka 1981 Charna Halpern akaungana naye Chicago, na baadaye Del Close akaingia. Wakaligeuza kuwa shule na ukumbi mkubwa wenye mwelekeo tofauti na alioutaka yeye. Kwa mara nyingine akaanzisha kitu, wenye mikono mizuri wakakichukua. Alifariki mwaka 2018. Nadhani ni mtu aliyekuwa na bahati mbaya ya kuwa sahihi kuhusu swali na kukosea kila mara kuhusu mahali.

---

Mwalimu wa Zamu ameandika:

Mtoa mada, ubarikiwe. Nina klabu ya maigizo shule ya sekondari, wanafunzi 40 na ushee, ukumbi ni bwalo, muda ni Ijumaa baada ya usafi. Nikiwapa skripti wanakariri kama risala. Katika michezo ya huyo mama, nianze na upi?

---

Mtunza Pazia ameandika:

Mwalimu, anza na kioo. Wawili wawili wanatazamana, mmoja anasogeza mikono taratibu, mwenzake ni taswira yake. Baada ya muda unasema "badilisheni", wanageuziana kazi bila kusimama. Badilisha haraka zaidi na zaidi, mwisho waambie hakuna kiongozi, kila mmoja amfuate mwenzake. Hapo bwalo litanyamaza lenyewe, usiwaambie wanyamaze.

Ijumaa ya pili wape kuvuta kamba, ila kamba isiwepo. Wanne kwa wanne, waliobaki wanatazama. Usiwasifie anayekunja uso. Kazi yako ni kuangalia kamba tu: unene wake ni uleule? Upande mmoja ukivuta, ule mwingine unasogea? Wakijisahau utaona pande zote mbili zinarudi nyuma kwa pamoja na kamba imerefuka kama mpira. Hapo piga kelele tu "kamba!" na waache waendelee.

---

Mwalimu wa Zamu ameandika:

Kioo Ijumaa hii. Kamba nitaipeleka uwanjani, bwalo lina meza nyingi.